Pembe Isiyofagiliwa

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu kiwanja cha shule ya msingi, jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya mambo makubwa yanayozungumzwa katika redio. Walakini nimelifikiri kwa muda mrefu, na kila nivukapo kivuko cha Likoni nikashika njia ya Waa na Tiwi mpaka Ukunda na Msambweni, nikaviona viwanja vya shule vilivyo kando ya barabara, huzidi kuamini kwamba hapo, katika ule mchanga ulio baina ya madarasa na uzio, pana ilimu nyingi inayopotea bure.

Kila asubuhi kabla ya kengele watoto wetu huinama na mifagio ya chelewa wakafagia tangu mlango wa darasa mpaka mlingoti wa bendera, na tangu mlingoti mpaka uzio, hata mtu akipita baada yao haoni ila mistari ya ufagio juu ya mchanga mtupu: hakuna jani lililoanguka, hakuna kijiti, hakuna hata gamba la konokono. Desturi hii tumeirithi kwa wazee wetu, nao walikuwa na sababu njema za kuishika, maana ua uliofagiliwa humwonyesha nyoka kabla hajakanyagwa, haufichi taka, na humpa heshima mgeni anayebisha hodi. Wala mimi si miongoni mwa watu wanaoidharau desturi kwa kuwa ni ya zamani. Lakini ua wa nyumba ni hatua chache, na kiwanja cha shule ni ekari kadhaa, na ekari hizo zikifagiliwa zote kila siku kwa miaka mingi, udongo hukosa lile jani linalooza ambalo ndilo chakula cha mchwa na jongoo na nyungunyungu. Wadudu hao wakikosekana ndege hana la kufuata. Na jua la Kaskazi likipiga juu ya ardhi iliyo uchi huikausha ikawa ngumu, kisha masika yakija huichukua tabaka ya juu yote na kuiteremsha mtaroni. Mtoto aliyekaa miaka sita katika kiwanja cha namna hiyo hutoka akiwa amefundishwa, pasina mtu kukusudia kumfundisha, kwamba mahali safi ni mahali pasipo na kiumbe.

Rai yangu, wasikilizaji, ni kwamba kila shule ya msingi katika Kwale itenge pembe moja ya kiwanja chake isifagiliwe. Pembe hiyo ipandwe miti na vichaka vya asili ya nchi hii, waachiwe ndege na vipepeo na hayawani wengine wadogo waje kwa hiari yao, na mtoto apewe saa ya kukaa kimya na kutazama. Na mahali hapo pahesabiwe kuwa darasa, penye mwalimu wake na kipindi chake katika ratiba, wala pasiwe pambo la kuonyeshwa wageni siku ya wazazi.

Najua la kwanza litakalosemwa, maana nimelisikia mara nyingi kwa wazazi, nalo ni nyoka. Hofu hii si upuuzi. Swila yupo na bafe yupo, na mtoto wa miaka saba aghalabu hana viatu vya kumlinda. Lakini kinachomleta nyoka karibu na madarasa mara nyingi ni panya, na kinachomleta panya ni makombo ya jikoni na magunia ya mahindi yaliyowekwa vibaya, na nimeona shule zinazokataa kichaka kwa kuogopa nyoka ilhali nyuma ya jiko pana shimo la taka lililo wazi. Pembe niisemayo iwe mbali na madarasa na vyoo, ipitiwe na kijia kipana ambacho hicho ndicho kifagiliwe kila siku, pasirundikwe mawe wala mbao, na watoto wafundishwe kutotia mkono mahali ambapo jicho halijafika. Hiyo nayo ni ilimu, na mtoto wa mashamba ya Msambweni, anayetoka alfajiri kuokota maembe yaliyoanguka usiku, anaihitaji sana.

Fikira yenyewe ya kumfundisha mtoto mambo ya viumbe si ngeni kwetu. Mwaka 1968, ule ule ambao Shimba Hills ilitangazwa kuwa hifadhi na palahala wa Kwale, ambao katika Kenya yote hawana makao mengine, wakapata ulinzi wa sheria, wanafunzi wa Kenya waliunda vyama vya wanyamapori vya shule, vile vinavyojulikana kama Wildlife Clubs of Kenya, navyo vikawa vya kwanza vya namna yake katika bara la Afrika. Wako watu wazima wengi leo ambao wasingalimwona ndovu kwa macho yao lau si safari za vyama hivyo. Lakini safari ni ya siku moja, na mtoto aliyeshuka kutoka milimani, kichwa chake kimejaa ndovu na palahala, kesho yake hurejea katika mchanga uliofagiliwa, naye huamini kwamba viumbe ni kitu kilicho mbali, kinachohitaji basi na nauli. Na tangu 2019, mtaala mpya ulipoanza kufundishwa nchini kote kwa madarasa ya chini, shughuli za mazingira zimekuwa somo kamili, hata haiwezi kusemwa tena kwamba mwalimu hana ruhusa ya kuwatoa watoto nje. Ruhusa anayo, anachokosa ni mahali pa kuwapeleka. Huwaonyesha mlingoti, huwaonyesha tangi la maji, kisha huwarejesha ndani wakachora sehemu za ua kutoka kitabuni.

La ajabu ni kwamba watoto hawa si wajinga wa mambo ya mwituni. Muulize mtoto wa Muhaka au wa Mwabungo, naye atakwambia mfuu uko wapi na fuu huiva lini, ni njia ipi yenye mabungo, mkunazi wa nani hauna mbwa, na kwakwa hupasuliwaje juu ya jiwe bila kumwaga kilichomo. Maarifa hayo ameyapata kwa ndugu zake wakubwa na kwa tumbo lake mwenyewe, nayo ni maarifa ya kweli, ya majira na ya mahali na ya tabia ya mimea. Lakini afikapo langoni huyaacha nje, kwa kuwa hapana mtu ndani atakayemuuliza juu yake wala mtihani utakaomlipa kwa kuyajua. Kwa maoni yangu hasara hii ni kubwa kuliko hasara ya udongo. Mfuu ukipandwa ndani ya uzio, pamoja na mkunazi na mbungo wa kuutambaa, mtoto huyo ambaye darasani hunyamaza atakuwa na la kusema, na mwalimu aliyezaliwa bara, ambaye miti hii haijui, atakaa akafundishwa na mwanafunzi wake, jambo ambalo halipunguzi heshima ya mwalimu hata kidogo.

Nasi Wakwale tuna hoja nyingine ambayo watu wa nchi nyingi hawana. Kabla ya shule zote hizi tulikuwa na makaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda. Katika misitu ile wazee wa Kimijikenda walijenga miji yao yenye ngome tangu karne ya 16, na hata baada ya watu kuhama, wa mwisho kabla ya katikati ya karne iliyopita, misitu yenyewe haikuachwa bila mwenyewe. Wazee wa ngambi, yaani baraza la kaya, waliendelea kuilinda kwa miiko, mti usikatwe, mfugo usichungwe humo, mtu apite katika njia iliyowekwa, na aingiapo asitoke na kitu. Serikali ilianza kuyatangaza makaya kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 shirika la UNESCO likayatia katika orodha ya urathi wa dunia, na humo imo Kaya Kinondo, iliyo karibu kabisa na mahoteli ya Diani, msitu wa ekta 30 tu, ambamo mgeni haingii mpaka avikwe kaniki nyeusi na kuongozwa na mtu wa hapo. Ekta 30 ni eneo ambalo mtu hulizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali, nalo limedumu huku kila kitu kando yake kimegeuka viwanja vya kuuzwa. Halikulindwa kwa bunduki. Lililindwa kwa sababu watoto wa zamani walifundishwa adabu ya mahali, kwamba pako pahali ambapo mtu hufika akiwa mgeni wa waliotangulia, wawe watu au miti.

Sisemi kwamba shule ijifanye kaya, maana kaya ina makaburi yake na dua zake, na mambo ya ibada si ya kuigizwa na watoto wakati wa mapumziko. Ninachosema ni kwamba mwalimu mkuu akitaka kujua ni miti gani iliyokuwa ikimea mahali shule yake iliposimama, hana haja ya kuandika barua Nairobi. Amwendee mzee wa kaya iliyo karibu, amwamkie kwa heshima, amkaribishe shuleni siku ya Ijumaa asubuhi kabla ya sala, na awaache watoto wamuulize. Mzee huyo atawatajia mbambakofi na mvule na msandarusi, atawaonyesha ni gome lipi lilitiwa katika dawa na ni mti gani uliochongwa mtumbwi, na yamkini wengi katika watoto hao watakuwa hawajapata kuuona mbambakofi ukiwa umesimama, ingawa wameuona mlango uliotengenezwa kwa mbao zake.

Maana tazama ni nini kilichopandwa katika shule zetu mpaka leo. Upo mwarubaini, upo mvinje, na mbele ya ofisi pana maua yaliyozungushiwa mawe meupe. Mwarubaini ni mti wenye fadhila, kivuli chake ni kizuri na kila nyumba ya pwani imeutumia kwa homa na kwa upele, nami sitausema vibaya. Lakini asili yake ni Bara Hindi, ndege wanayapenda matunda yake na kuzitawanya mbegu mbali, na umeingia katika misitu yetu ya pwani ukaota mahali pa miti mingine, kwa hiyo shule iliyo jirani na kaya ingefanya vema kutoupanda zaidi ya ile iliyopo. Mvinje hukua upesi, hutoa boriti, nao ndio uliofunika machimbo ya saruji ya Bamburi tangu 1971, pale mtaalamu wa kilimo René Haller alipouteua kwa kuwa ulivumilia mahali ambapo miti mingine mingi ilikufa. Shule yenye ardhi ya matumbawe matupu inaweza kuanza nao. Lakini isiishie hapo, na Haller mwenyewe hakuishia hapo. Chini ya kivuli cha mvinje, na kwa msaada wa majongoo waliozila sindano zake zikageuka udongo, aliingiza miti mingine mingi, mpaka palipokuwa jangwa la chokaa pakawa msitu wenye wanyama.

Sasa niwaeleze nililoliona katika shule moja ndogo ya upande wa Msambweni. Kamati ya wazazi ilikuwa imepanda safu ya midimu karibu na jiko, ikawa majani machanga yanaliwa, na ikaamuliwa kwamba itiwe dawa. Msichana mmoja wa darasa la nne, aliyetumwa kuhesabu miti iliyodhurika, akarudi na kikonyo kilichobeba kitu cheusi chenye baka jeupe, akasema, “Mwalimu, hiki nilidhani ni mavi ya ndege, lakini kinatembea.” Mwalimu wake, ambaye Mungu amjalie maisha marefu, hakukitupa. Aliomba dawa icheleweshwe, akaziacha nyavu kuukuu za mbu zifunike mti mmoja, na kwa majuma yaliyofuata darasa zima likawa linakwenda pale na rula na madaftari. Waliona kiwavi akivua ngozi na kugeuka kijani cha jani lenyewe. Walijua kwamba ukimgusa mgongoni hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, na kila mtoto alitaka kuinusa harufu hiyo ili aweze kusema nyumbani kwamba ameinusa. Waliwaona wakijifunga kwenye kijiti kwa uzi mmoja uliopita kiunoni, wakakauka wakawa rangi ya gome. Kisha kipepeo akatoka, mweusi mwenye madoa ya manjano, akaning'inia mpaka mbawa zake zikajaa na kukauka, akaruka juu ya paa la jiko.

Hilo wote walilitarajia, kwa kuwa limo kitabuni. Ambalo hawakulitarajia ni kwamba katika kifuko kimoja hakutoka kipepeo. Kilitoboka tundu dogo ubavuni, wakatoka wadudu wadogo sana wa jamii ya nyigu, wengi, wakatawanyika. Watoto waliona wamedhulumiwa, na mmoja alilia. Hapo ndipo mwalimu alipowafundisha somo ambalo mimi, katika miaka yangu yote ya kukaa darasani, sikupata kufundishwa kwa ufasaha ule: kwamba nyigu yule hutaga ndani ya kifuko ili wanawe wapate riziki, kwamba bila yeye viwavi wangeimaliza midimu yote, na kwamba dawa iliyokuwa imenunuliwa ingemuua nyigu pamoja na kiwavi, na kiwavi ndiye ambaye angerejea kwanza. Dawa ile haikutumika. Iliamuliwa mti mmoja mwishoni mwa safu uachiwe vipepeo, na katika miti mingine watoto wawatoe viwavi kwa mkono na kuwahamishia katika mti huo. Dimu za uji zilipatikana, na darasa lile likawa linajua kwa macho jambo ambalo wakulima wengi wenye mashamba makubwa hawalijui.

Kuna jambo lingine linaloniumiza, nalo ni adhabu. Katika shule zetu nyingi mtoto aliyechelewa hupewa jembe. Aliyepiga kelele hung'oa majani. Aliyesahau kitabu hutumwa kisimani na debe akanyweshe miche. Nimeyaona haya katika zaidi ya shule moja, nazo sizitaji, kwa kuwa desturi imeenea na hapana wa kulaumiwa peke yake. Lakini fikirini, enyi walimu wangu, mnalolitia katika moyo wa mtoto huyu. Waislamu miongoni mwetu wamefundishwa tangu chuoni kwamba mti anaoupanda mja, akala kutokana nao mtu au ndege au mnyama, huandikiwa aliyeupanda kuwa ni sadaka. Kisha mtoto yuleyule, akitoka chuoni na kuingia shuleni, anakuta kupanda na kunywesha ni malipo ya kosa. Ikiwa lazima mkosaji apewe kazi, na apewe kufuta ubao au kupanga madawati. Bustani wapewe waliofanya vizuri, na wanaoomba, na yule mtoto mgumu ambaye hajapata kusifiwa kwa jambo lolote, apewe mti wake mwenyewe autunze kwa jina lake bila kuambiwa kwamba ni adhabu.

Maji na mbuzi nitayapita upesi, maana kila mwalimu wa Kwale anayajua kuliko mimi. Mche hufa Januari na Februari, Kaskazi inapokausha na shule ndiyo kwanza zimefunguliwa baada ya likizo ambayo hakuna aliyenyweshea; basi lazima kila mti uwe na jamaa inayokaa karibu na shule na iliyokubali kuuangalia wakati wa likizo, na maji ya kunawia mikono kabla ya chakula yaelekezwe bustanini badala ya kumwagwa. Mbuzi haheshimu ubao ulioandikwa jina la mti. Uzio wa mnyaa uliopandwa kwa kubanana, ukiongezewa miba katika miaka miwili ya mwanzo, humzuia. Lakini utomvu wa mnyaa huchoma macho, kwa hiyo watu wazima ndio wakate na kupanda.

Kwa shule za Diani pana suala la pekee, nalo ni kima na tumbili na nyani. Mahali hapo binadamu amejenga katikati ya msitu, kisha watalii, kwa wema usiofikiriwa, wakawazoesha wanyama kula mkate mkononi, hata leo tumbili huingia darasani na kunyakua chakula cha mtoto. Mwalimu wa huko akiambiwa apande miti ya kuwaita viumbe ataguna, naye ana haki ya kuguna. Shule hizo zisipande matunda matamu karibu na madarasa. Zipande miti ya majani na maua, na zimfundishe mtoto tofauti ya mnyama na mnyama. Maana yupo mwingine pale asiyeiba chochote, naye ni mbega wa rangi mbili, mweusi mwenye manyoya meupe marefu mabegani, ambaye kidole gumba hana na chakula chake ni majani na matunda mabichi, na ambaye mwanawe huzaliwa mweupe pee. Mbega wa aina hii katika Kenya makao yake ni misitu ya Kwale, na kwa miaka mingi alikuwa akiuawa na magari katika barabara ya Diani kwa kuwa miti ya pande mbili ilikatwa ikaacha kugusana, hata mwaka 1997 wakaazi wakaunda chama cha kumhifadhi, kinachoitwa leo Colobus Conservation, kikaanza kutundika madaraja ya kamba juu ya barabara, na mbega akajifunza kuyapita. Shule iliyo kando ya barabara ile ikipanda miti yake kwa safu inayokwenda kukutana na miti ya jirani, matawi kwa matawi, itakuwa imefanya kazi ileile ya daraja, na watoto watakaa dirishani kuona kama imefaulu.

Na kule Gazi, mji uliokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid el-Mazrui katika karne ya 19, bustani ya shule ni bahari yenyewe. Mikoko ya ghuba ile ilikatwa vibaya katika miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda, ikapandwa upya kwa uongozi wa wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari, na mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakaanza mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda ekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayofungwa katika miti na tope lake. Fedha zake zimeleta maji kijijini na vitabu katika shule, na Vanga, Jimbo na Kiwegu wamefuata baadaye kwa mradi wao. Nalitaja hili kwa sababu mtoto wa Gazi hahitaji kuambiwa kwamba mti una thamani. Kitabu alichokishika kimetoka katika mkoko. Mwalimu akiwashusha watoto wakati wa bamvua, maji yakipwa mbali, huwaonyesha jinsi mbegu ya mkoko inavyochipua ingali juu ya mamaye, ikarefuka, kisha ikaanguka na kusimama wima topeni, na jinsi mchu unavyochomoza mizizi yake juu ya tope ili ivute hewa. Shule za ndani zisizo na bahari zinaweza kubadilishana wageni nazo, Gazi waende Muhaka na Muhaka waje Gazi, kwa gharama ya matatu moja.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa siku nzima ya mapumziko ili tupande miti, na lengo lililotangazwa ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Nia hiyo naiunga mkono. Lakini nimeogopa tangu siku ile kwamba shule zitahesabiwa kwa miche iliyotiwa ardhini, na picha itapigwa, na hapana atakayerudi Machi kuhesabu iliyo hai. Afisa wa elimu anayekagua shule na aulize swali jingine: amwite mtoto yeyote, amwonyeshe mti wowote ndani ya uzio, amuulize jina lake, na ni nani anayekuja kula au kulala humo. Shule ambayo watoto wake wanajibu, hata ikiwa na miti ishirini tu, imeshinda shule yenye elfu ambayo watoto wake wanasema “mti”.

Masika hayako mbali, na walio tayari kuanza wana majuma machache ya kutayarisha. Mbegu zisiokotwe ndani ya kaya, kwa kuwa humo hakitoki kitu, ila kwa idhini ya wazee wenyewe. Lakini miti mingi iko pia mashambani na kando ya njia, na wenye mashamba hawatakataa wakiombwa. Mbegu ya mbambakofi ni nyeusi yenye kofia nyekundu. Kofia hiyo ibanduliwe kwanza, kisha mbegu ilowekwe usiku mmoja na kupandwa katika mfuko wa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Mbegu ya mkwaju nayo ilowekwe, na ikiwa ngumu sana ikwaruzwe upande mmoja juu ya jiwe. Mkuyu hauhitaji mbegu, kipande cha tawi kinene kikichomekwa ardhini mvua ya kwanza ikinyesha huchipua, nao ndio utakaowaita hondohondo na popo upesi kuliko mingine. Lakini upandwe mbali na tangi na misingi ya majengo, maana mizizi yake haina subira. Na kwa kuwa mbambakofi hukawia, baina ya miche pandeni mbaazi, ambayo huikinga na jua kali, huutia udongo nguvu, huwaita nyuki maua yakichanua, na yakishakomaa maganda watoto watakula mbaazi za nazi kabla mwaka haujaisha.